Maisha ya Mwalimu Kiguu na Njia na Karakana Aliyoihangaikia

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, asanteni kwa kufika. Kaeni vizuri. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa vizuri, na sisi wa nyumbani leo tunalazimika kumweleza mtu ambaye mara nyingi tulimwona mgongo, akiwa anatoka.

Marehemu dada yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Juni 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alikuwa fundi cherehani, mama alikuwa dobi wa hospitali. Mama alitusimulia kwamba binti yake huyu hakutambaa. Alisimama, akaanguka, akasimama tena, akatoka nje. Sisi wadogo zake tulizaliwa tukamkuta ameshashika njia, na kazi yetu ikawa kumkimbilia na viatu alivyosahau.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970. Akiwa darasa la sita bomba la shule liliharibika, na mwalimu mkuu akaandika barua ofisi ya maji, akaandika tena, akangoja. Dada yetu hakungoja. Wakati wa mapumziko alitoka na sare yake, akaenda ofisi ya maji, akaketi kwenye benchi mlangoni. Bwana mmoja mwenye funguo akamuuliza, "We mtoto, umetumwa na nani?" Akajibu, "Na kiu." Kesho yake alichapwa viboko kwa kutoroka shule, na jioni ileile maji yakatoka. Alituambia kwamba viboko viliuma, lakini maji yalikuwa ya baridi. Alimaliza sekondari mwaka 1980 na chuo cha ualimu mwaka 1984.

Januari 1985 aliajiriwa katika chuo cha ufundi kufundisha mawasiliano, yaani kuandika barua, ripoti na maombi ya kazi. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya vifaa vya usafi, yenye dirisha moja linalotazamana na choo cha wanaume, na harufu ya dawa ya sakafu haikutoka humo hata siku moja. Wanafunzi walimwita Kiguu na Njia wakidhani hajui. Alijua. Siku akichelewa alijitangaza mwenyewe mlangoni: "Haya, Kiguu kafika, njia imebaki nje. Toeni madaftari."

Tarehe 20 Agosti 1988 aliolewa na mkutubi wa chuo hichohicho, mtu mtaratibu ambaye akisema "nakuja" unaweza kuinjika maharage na yakaiva. Watu walitabiri mengi. Shemeji yetu anasema ndoa ilidumu kwa sababu mmoja alikuwa akiondoka na mwingine alikuwepo wa kumfungulia akirudi. Walijaliwa binti na mwana. Nyumba yao ilijaa vikombe vya chai ya nusu: juu ya friji, dirishani, hata bafuni. Kila jioni shemeji alivikusanya akinung'unika, "Mke wangu, hii chai ilikukosea nini?" Naye alishafika getini.

Sasa tuseme lililomfanya ahangaike kuliko alivyoumbwa. Mwaka 2006 kijana mmoja aliyehitimu umeme chuoni hapo alipata kazi yake ya kwanza. Kabla mwezi haujaisha alishika waya wa moto ndani ya boksi la swichi, akapoteza mkono wa kulia. Dada yetu alikwenda kumwona wodini. Kijana hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mwalimu, kule chuoni waya wa moto ulikuwa chaki nyekundu. Hapa nyaya zote zilikuwa na vumbi, rangi moja."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Chuo hakikuwa na karakana ya umeme, kwa hiyo umeme ulifundishwa ubaoni, kwa chaki za rangi, na mtu akapewa cheti. Dada yetu alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Mimi ndiye niliyemfundisha kuomba ile kazi. Hakuna aliyemfundisha kuifanya." Alilia sana. Sisi tuliomzoea akikimbia hatukujua tumshike wapi.

Tangu hapo akaanza kuwatafuta wafadhili. Hakutumwa na mtu wala hakuongezwa mshahara. Alifundisha asubuhi, mchana akapanda ngazi za mashirika na makampuni, jioni akaandika maandiko ya mradi. Andiko la kwanza lilizungushwa idara zote ili litiwe sahihi, na kila idara ikalitilia chumvi yake. Liliporudi lilikuwa linaomba karakana, gari la mkuu, viyoyozi vya uhasibu na sare za timu ya mpira. Mfadhili aliuliza kwa upole kama chuo kinataka kufundisha au kufungua duka. Shemeji alipomwambia apumzike kidogo, alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye mgongo bado anao.

Mwaka 2009 wafadhili wengine walikubali kuja kujionea. Siku hizo dada yetu alikuwa safarini akimfuata mfadhili mwingine. Alirudi asubuhi ya ugeni wenyewe akakuta kuta zimepakwa rangi, madirisha yana mapazia, na darasa la umeme limehamishiwa chumba cha mikutano, limejaa mashine zilizoazimwa kiwanda cha jirani. Wenzake walikesha wakifanya hayo, na walifanya kwa moyo mweupe, maana mgeni haonyeshwi matambara. Wageni walitembezwa, wakala, wakasifu. Walipokuwa wanaagana walisema, "Tumefurahi mno. Chuo chenu kimejitosheleza. Acheni tuwasaidie wenye shida." Alasiri lori likaja kuchukua mashine.

Kwenye kikao, mkuu wa wakati huo alisema, "Mwalimu, sisi tulilinda heshima ya chuo." Dada yetu, ambaye kama kawaida alikuwa amesimama, akajibu, "Mkuu, shikamoo. Mficha uchi hazai."  Mtunza stoo akaangua kicheko, na ajenda zilizobaki zikaahirishwa.

Ilimchukua miaka mitano kuwapata wengine. Safari hii aliwapokea getini mwenyewe, hakuwapitisha ofisi yoyote, akawaketisha madawati ya nyuma katika darasa la umeme na kumwambia mwalimu aendelee. Wakaona chaki nyekundu. Yule kijana, ambaye siku hizi anauza vocha za simu, alikuja kwa hiari yake, akasimama ubaoni, akawaeleza. Chakula kilichoandaliwa hakikuguswa. Mwaka uliofuata msingi ukachimbwa, na mwaka 2017 jengo likakamilika, kuta na paa na taa zake.

Lakini ruzuku ile ilikuwa ya jengo tu. Mashine, bodi za mazoezi na glovu za kinga zilihitaji andiko jingine, na jengo lilipokuwa linangoja, chuo kikaanza kulitumia kwa mitihani, halafu kwa mahafali, halafu kwa harusi. Watu wakalisifu: ukumbi mzuri! Neno hilo lilimchoma. Alikuwa akipita pale Jumamosi, akisikia muziki, anageuza kurudi nyumbani. Darasa la umeme lilibaki ubaoni.

Na hapa tuseme ukweli ingawa unauma. Yeye aliyewakemea wakubwa kwa kuficha shida, alificha yake. Tumbo lilimsumbua mwaka mzima. Alinunua dawa duka la dawa, akanywa akitembea. "Ni njaa tu," alisema, na tuliona vikombe vile vya nusu, tukamwamini. Aprili mwaka huu alianguka kwenye ngazi za shirika fulani, ghorofa ya tatu, na andiko mkononi. Hospitali wakasema ni saratani na imeshakwenda mbali. Tulikasirika naye. Bado tumekasirika, na hatujui hasira hii tuipeleke wapi.

Wodini hakulala kama wagonjwa wengine. Wauguzi walimkuta kwenye vitanda vya watu, akiuliza nani hajaletewa maji. Alimuuliza daktari kwa nini mashine ya pembeni haifanyi kazi. "Imeharibika, mama." "Mmemwomba nani?" Daktari akasema hajui. "Basi keti hapa, nikuonyeshe unavyoanza." Binti yake, ambaye ni muuguzi na alitamani mama yake atulie walau siku moja, alitoka nje kwenda kulia, akarudi anacheka.

Mwanzoni mwa mwezi huu mfadhili alimpigia simu kitandani. Fedha za vifaa zimeridhiwa. Sharti ni moja: kwa kuwa yeye anaumwa, chuo kitaje kwa jina mtu atakayeusimamia mradi, na mwisho ni Ijumaa ijayo. Jina lisipofika, fedha zinakwenda kwingine. Alifurahi mpaka akakaa, na hapo ndipo tulipojua kwamba anatuacha. Chuo kiliarifiwa siku ileile. Vikao vikafanyika. Mmoja ana masomo, mwingine ana mgongo, mwingine akasema kazi hiyo ikifanikiwa ni ya wote na ikiharibika ni ya aliyeandika. Hilo la mwisho ni kweli. Dada yetu aliliishi miaka kumi na mitano.

Alifariki tarehe 18 Septemba 2021, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 58, mumewe akiwa amemshika mkono. Jina lilikuwa halijapatikana, na ndilo alilokuwa akiliulizia.

Ameacha mume, binti, mwana ambaye ni fundi magari, wajukuu watatu na wadogo watatu. Ameacha pia darasa la umeme la mwaka huu, ambalo limesimama pale nyuma na mashati meupe. Wanamaliza Novemba, na hakuna hata mmoja wao aliyekwisha kushika waya.

Mdogo wake wa mwisho, anayesoma hapa, aliitwa kitandani na kuagizwa hivi: "Usinisifu sana, wasifu ukiwa mrefu watu wanaangalia saa. Ukifika mwisho, waulize. Kwenye kikao kila mtu ana udhuru. Makaburini hakuna anayeaga kabla ya mwenye shughuli."

Basi, mkuu wa chuo, walimu, wakuu wa idara, tunawaona mstari wa mbele. Msituletee hotuba. Tunataka jina moja. Msomaji huyu hatashuka hapa, na udongo hautatiwa, mpaka mmoja wenu asimame. Akishasimama, ndipo sote tutamwambia dada yetu apumzike kwa amani, na safari hii tunaamini atakubali.