Mabuti ya Katibu

Kijiwe chetu hapa Pande ni benchi moja mbele ya birika la kahawa la Petro. Wanaokaa pale jioni ni watu wa mashamba ya chumvi, miguu yao imepasukapasuka kwa maji ya bwawani. Jumanne walikuwa watatu: Kondo, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mbuzi, Erasmo, ambaye ni Redio, na dada Natalia. Katikati yao ililala bahasha ya fomu za kujiunga na chama cha wafanyakazi. Ilitakiwa ifike Lindi kesho yake kabla ya adhuhuri. Ikichelewa, tajiri mwenye mashamba halazimiki kuzungumza na yeyote. Tangu mwanzo aliyeitunza ni Alfani, katibu. Lakini asubuhi ile tajiri alimwita Alfani mbele ya wote, akampa mabuti mapya ya mpira, jozi moja tu. Kufika saa nane wenzake walikwisha kumvua ukatibu.

— Mimi sina wivu, alisema Wakili. Ila yale mabuti yanang'aa kupita kiasi.

— Miaka kumi na moja nakokota chumvi pekupeku, alisema Natalia. Yeye ana mitatu. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mpaka mgongo umegoma, nimepata nini?

Redio akaeleza kwamba kwenye kisigino mna kidude kinachosikiliza maneno ya wafanyakazi. Wakili akasema hilo ni dogo. Baada ya mabuti inafuata pikipiki, kisha Alfani ataozeshwa mpwa wa tajiri, na sisi tutakuja kumwamkia shikamoo.

— Mficha uchi hazai, Redio akaafiki. Ndiyo maana kayavaa hadharani.

Natalia, ambaye hakuwepo saa nane, akauliza Alfani alijibu nini. Wakili akakoroga kahawa isiyo na sukari. Alikiri kwamba Alfani aliyavua, akayaweka chini, akasema ayachukue anayeyataka.

— Akayachukua nani?

— Nani athubutu? Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake.

Hapo akafika Mwahija, binti aliyeanza kazi juzi. Akawaamkia, wakaitikia. Alisema naye ameshasaini fomu, akauliza:

— Kesho bahasha anaipeleka nani?

— Naweza kwenda mimi, alisema Wakili.

Natalia akamtazama miguu.

— Wewe unavaa namba ngapi, kaka?

Redio aliponyoosha mkono, Wakili akaivuta bahasha kwake. Natalia alipojitolea, wanaume wote wawili wakakohoa. Mwahija akarudia swali lake taratibu, kama mtu anayedhani hakusikika.

Petro alimimina tone la mwisho, akakusanya vikombe, akawaambia gari la Lindi linaondoka alfajiri. Walimshukuru. Kisha wakaendelea kukaa, maana ambaye angeinuka kwanza angewaachia wenzake bahasha.