Mzee Gregory Ndaki, Aliyekwenda Burma kwa Jina la Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Ngokolo, mlioko Masumbwe, mlioko Segese na kote sauti hii inakofika, sogeeni tukae pamoja. Mimi ni Raudha Abdulshakur. Leo tunamkumbuka mtu mmoja.

Mzee Gregory Ndaki hatunaye tena. Alifariki Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, nyumbani kwa binti yake Melania, hapa Ngokolo, Shinyanga mjini. Alikuwa na umri wa miaka mia moja na moja.

Wengi mlimjua kama yule mzee mrefu aliyekuwa mlinzi wa kiwanda cha pamba. Baadhi yenu mlijua kwamba alipigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huko Burma. Lakini kwa zaidi ya miaka sabini hapa mjini hakuna aliyejua, hata binti yake hakujua, kwamba alipigana kwa jina la mtu mwingine.

Alizaliwa Masumbwe, mwaka 1923. Walikuwa watoto wawili tu wa kiume. Mkubwa aliitwa Charles. Mdogo ndiye huyu Gregory. Walichunga ng'ombe pamoja, wakabatizwa siku moja, wakalala ngozi moja.

Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Tanganyika, haikuvitaka vita vile. Wazee wa Masumbwe walikuwa bado na kidonda cha vita vya kwanza. Baba yao, Mzee Ndaki, alikuwa mpagazi katika vita hivyo. Alimbebea Mjerumani mizigo, wakatekwa njiani, akambebea Mwingereza mizigo ile ile. Alirudi na nundu begani. Wenzake wawili aliotoka nao kijijini hawakurudi.

Basi vita vya pili viliingiaje Masumbwe? Nilimuuliza Mzee Gregory swali hilo mwaka jana, hapa hapa studio. Akanijibu hivi:

"Mwanangu, havikuja na bunduki. Vilikuja na karatasi. Kwanza likasomwa tangazo kwenye baraza la mtemi: Mwingereza anapigana, anayetaka kumsaidia aje. Hakwenda mtu. Mwaka uliofuata wakataka ng'ombe. Tukatoa. Wakataka karanga. Tukatoa. Tukadhani tumemaliza. Kumbe walikuwa wanatuzoesha kutoa."

Walikuwa wanatuzoesha kutoa. Baada ya ng'ombe na karanga, wakataka watu.

Ilikuwa mwaka 1942. Kila mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, aliambiwa alete idadi yake ya vijana. Katika nyumba ya Ndaki lilitajwa jina moja. Charles. Charles alikuwa ameoa mwaka ule ule, na mkewe, Klara, alikuwa mjamzito. Aliposikia jina lake limeandikwa, hakumwambia mtu. Alitoka kabla ya jogoo kuwika, akaelekea Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Huko, wazee wanasema, mtu aliitwa jina lolote alilotaja mwenyewe.

Asubuhi mwanangwa akafika na karani na matarishi wawili. Charles hayupo. Karani akasema, "Nimetumwa kijana mmoja kutoka kwa Ndaki. Sikutumwa kurudi mikono mitupu."

Baba akavua shuka, akaonyesha bega lake. "Nichukueni mimi. Njia naijua."

Karani akacheka. "Mzee, wewe umeshatumika."

Ndipo baba akapiga magoti. Na Gregory, kijana wa miaka kumi na tisa, hakuweza kumwona baba yake katika hali ile. Akasema, "Nipo mimi." Maneno mawili tu. Yakampeleka Burma.

Karani hakufuta jina kwenye karatasi. Alisema haina shida, mtu ni mtu. Kwa hiyo aliyeandikishwa jeshini ni Charles Ndaki. Kwa miaka minne kila asubuhi liliitwa jina la Charles, na aliyeitika ni Gregory.

Walitembea kwa miguu hadi Kahama, wakaenda Isaka kupanda treni. Alikuwa hajawahi kuiona treni. Kisha ikaja meli, na bahari ambayo pia hakuwahi kuiona. Akawa askari wa Keya, kama walivyoitwa wakati ule Waafrika wa jeshi la Mwingereza. Mwaka 1944 akawa Burma, msituni, mvua ikinyesha wiki baada ya wiki. Kazi yake ilikuwa kubeba majeruhi kwenye machela. Baba alibeba mizigo, mwana akabeba watu.

Nilimuuliza, "Babu, ulimchukia adui?"

Naye akasema, "Siku moja tulimbeba Mjapani. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Njia nzima alikuwa anasema neno moja. Sikulielewa. Alikata roho kabla hatujafika. Hadi leo najiuliza alikuwa anamwita nani."

Vita vikaisha. Mwaka 1946 akarudi Masumbwe na blanketi la jeshi na kovu mguuni. Akakuta baba amefariki. Mama naye amefariki. Nyumba imeanguka. Akaambiwa Charles yu hai. Alitoka machimboni, akamchukua Klara na mtoto, wakahamia Segese kulima. Hajakanyaga Masumbwe tena. Anaona aibu.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo penye moyo wa habari yetu. Mwaka 1947 Gregory alifunga safari kwa miguu kwenda Segese kumtafuta kaka yake. Alifika mchana. Klara alikuwa uani anatwanga. Akasalimia, "Shikamoo, shemeji." Klara akaangusha mchi.

"Marahaba," akasema. "Kaka yako hayupo. Amesafiri."

Lakini Gregory aliona pazia la mlangoni limetikisika, na hapakuwa na upepo. Chini ya pazia akaona miguu. Aliijua miguu ile. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikatwa na jembe walipokuwa watoto.

Alisimama. Alitaka kuita. Nilimuuliza kwa nini hakuita. Sikilizeni alivyonijibu:

"Ulimi ulikataa. Ningemwitaje Charles? Miaka minne Charles alikuwa mimi. Nikasema moyoni, atoke mwenyewe. Akitoka tu, yamekwisha. Hakutoka. Nikaweka blanketi juu ya kinu, nikamwambia shemeji, 'Mpe akirudi.' Nikaondoka. Sikugeuka."

Sikugeuka. Alilisema neno hilo mara tatu.

Hakurudi tena Segese. Alikuja hapa Shinyanga, akapata kazi, akamwoa Agnetha, wakajaliwa binti mmoja. Charles akafariki mwaka 1971. Gregory alipata habari miezi mitano baadaye, kwa mtu wa njiani, sokoni.

Agnetha naye akatangulia mwaka 1998. Mzee akabaki na upweke wa aina yake. Zamani askari wa Keya wa mjini hapa walikuwa wakikutana Jumapili moja kila mwezi, kwenye mgahawa wa Bi Mwanaima karibu na stesheni. Walikuwa tisa. Wakawa wanne. Wakawa wawili. Akabaki peke yake, na bado alikuwa anakwenda. Bi Mwanaima anakumbuka:

"Siku moja aliniuliza, 'Mwanaima, wajua Waburma huita maji nini?' Nikamwambia sijui, baba. Akasema, 'Basi mjini hapa hakuna tena anayejua.' Akanywa chai yake, akaaga."

Mwaka jana alikuja kwenye kipindi hiki. Tulitaka atusimulie vita. Akasimulia vita, kisha, bila kuulizwa, akasimulia pazia. Binti yake Melania alikuwa amekaa pembeni. Alikuwa analisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, na umri wake ni miaka sitini na nane. Aliniambia baadaye, "Nilikaa na baba maisha yangu yote, kumbe sehemu kubwa ya baba sijawahi kuishi nayo."

Siku ya pili simu ya studio ikalia. Alikuwa mwanamke anayeuza chakula kwa wachimbaji huko Segese. Jina lake Asteria. Alikuwa anasonga ugali, redio iko dirishani. Alisema, "Dada, huyo wa nyuma ya pazia ni babu yangu."

Tukamleta Ngokolo. Akapiga magoti, akamwamkia mzee. Kisha akasema alichoachiwa na bibi yake Klara kabla hajafa.

"Babu, bibi alisema siku ile babu Charles alisimama nyuma ya pazia ameziba mdomo kwa mkono. Ulipoondoka, alitoka. Alikufuata kwa mbali, katikati ya mashamba ya mtama, hadi barabara ya Kahama. Alikuwa anangoja ugeuke. Alisema ukigeuka tu, atakuja. Ukapotea kwenye kona. Akakaa pale chini mpaka bibi akaenda kumchukua."

Nilikuwepo, wasikilizaji wapendwa. Mzee hakulia. Akauliza, "Alikuwa umbali gani?"

Asteria akasema, "Kwa alivyoeleza bibi, ni kama kutoka hapa hadi msikitini pale."

Ni hatua mia mbili, labda mia mbili na hamsini.

Wiki iliyofuata tukampeleka Segese. Kaburi la Charles liko nyuma ya nyumba, upande wa pili mashine za kusaga mawe ya dhahabu zinanguruma. Mzee alituomba tusogee kando. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akazungumza na kaburi kwa Kisumbwa, karibu saa nzima. Melania amekulia hapa Shinyanga mjini kwenye Kisukuma, hakuyaelewa yote. Anasema alisikia akigomba. Alisikia akimtaja baba yao. Kisha akasikia kitu ambacho hajakisikia nyumbani kwao tangu mama yake afariki. Baba yake alikuwa anacheka.

Aliposimama alisema, "Mkinizika, nizikeni hapa. Masumbwe hakuna anayenijua."

Baadhi ya ndugu hawakukubali. Walisema mtu huzikwa kwao. Melania akawajibu, "Kwao ni alipo kaka yake." Ijumaa iliyopita Mzee Gregory Ndaki alizikwa Segese, ubavuni mwa kaka yake. Na safari hii msalaba umeandikwa jina lake mwenyewe.

Tunatoa pole kwa Melania, kwa Asteria, kwa wajukuu na vitukuu wa pande zote mbili, na kwa Bi Mwanaima. Mungu awape moyo wa kustahimili. Mzee wetu apumzike kwa amani.

Wasikilizaji wapendwa, hata leo dunia ina vita, na hata leo vijana wetu wanaitwa mbali kwa maneno matamu na karatasi za kutia saini. Wazazi, ongeeni nao mapema, kabla kalamu haijashikwa.

Na wewe unayenisikiliza sasa hivi, una mtu ambaye mmenyamaziana. Ndugu, mzazi, rafiki. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Punguza sauti ya redio. Sitakasirika. Chukua simu, mpigie.

Asipopokea, mpigie tena.