Dada Mektilda na Mvumo wa Nyuki Kwenye Spika

Miaka thelathini na moja na miezi minne. Bi. Mektilda Kasele aliingia kazini katika Ushirika wa Wafuga Nyuki Mizinga Mia tarehe 1 Machi 1994, na anatoka leo, tarehe 30 Juni 2025, akiwa fundi mkuu wa mitambo. Katibu alitaka maneno haya ya ratiba ya kumuaga yaandikwe na mtu mwenye elimu. Nikamwambia elimu ya darasa la nne inatosha kumwandika mtu niliyekaa naye miaka yote hiyo, na kwamba yeye katibu mwaka 1994 alikuwa bado ananyonya. Akaniachia karatasi.

Mimi ni Mfaume Songoro, mpiga gitaa la solo wa bendi ya ushirika wetu. Asiyenijua si mtu wa Tabora. Mimi sistaafu, maana niko kwa mkataba, na vidole havina umri.

Dada Mektilda ni mtoto wa Lusu, Nzega, kwa wakulima wa mpunga na karanga. Alisomea ufundi umeme wakati wasichana wenzake wanapelekwa ushonaji. Alipofika hapa alipewa mashine ya kuchuja asali na mtambo wa kuyeyushia nta. Vyombo vya muziki hakupewa na mtu. Siku moja alipita karibu na ukumbi tukiwa mazoezini, akasikia spika inakoroma, akaingia bila hodi, akaigeuza, akaifungua. Tulikuwa wanaume saba na hakuna aliyemzuia. Nilimwuliza kama anajua anachofanya. Akanijibu kwamba hajui, ndiyo maana anafungua. Tangu siku hiyo mitambo ya bendi ikawa yake.

Wengi wenu mnamjua kwa ile bisibisi ya tesa, ya kupimia umeme, anayoichomeka kwenye kilemba. Mgeni akidhani ni pambo, sisi tunacheka. Kanisani kwao Jumapili anaitoa, anasema padri ameshamlalamikia.

Tumezunguka naye njia yote waliyopita wapagazi wa zamani, kutoka hapa hadi Urambo, Kaliua, mpaka Ujiji, tukipiga kwenye vituo vya kukusanyia asali. Igunga nako tumefika. Mwaka mmoja Fuso letu lilizama kwenye tope jeusi tukashinda hapo siku nzima, na Dada Mektilda ndiye aliyetoa betri ya gari, akaunganisha spika moja, tukawapigia abiria wa mabasi yaliyokwama nyuma yetu. Nilipiga solo ile mpaka konda mmoja akasahau kudai nauli. Huo ni ukweli, mashahidi wapo.

Mafanikio yake katibu ameyaorodhesha kwenye ukurasa wa pili: mtambo wa nta uliopona mara nne, taa za jua kwenye vituo kumi na viwili, mafundi tisa aliowafundisha. Yasomeni. Mimi nitaeleza jambo moja ambalo halimo kwenye orodha, na mahali ambapo limo, limeandikwa vibaya.

Ni Novemba 2017. Amplifaya yangu ya gitaa, ile kubwa ya taa za vioo, ilikuwa imeanza kuvuma tangu kiangazi. Kwanza kidogo, halafu joto la Oktoba lilipopita ukawa mvumo hasa, na juu ya mvumo mikwaruzo. Kwenye harusi moja Kitete bibi harusi alishindwa kusikia anaulizwa nini. Wanachama wakatutania kwamba nyuki wa ushirika wamehamia kwenye spika, eti tuirine asali. Utani ulipofika kwa bodi ukaacha kuwa utani. Mzee Eustace, mwenyekiti wa wakati ule, alitangaza kwamba Ijumaa saa nne asubuhi bodi itakaa ukumbini kusikiliza amplifaya ikiwa imewashwa na hakuna anayepiga. Ikivuma, bendi inavunjwa, na mkutano mkuu utapigiwa muziki wa kompyuta. Watu kumi na mmoja tungerudi makwetu. Tuliwahi kufanyiwa mitihani ya kupiga, lakini wa kunyamaza ulikuwa wa kwanza.

Ilikuwa Jumatatu. Nikamweleza Dada Mektilda tatizo mapema ili asipoteze muda: ni umeme wa mtambo wa nta, unaingia ukutani. Hakubishana. Akazima mtambo wa nta, akazima friji, akazima mpaka taa ya mlinzi. Mvumo ukabaki. Nikasema basi ni nyaya za gitaa. Akachomoa gitaa. Mvumo ukabaki. Akashusha sauti ya mbele yote mpaka mwisho, mvumo ukabaki pale pale, na hapo akatabasamu, maana sasa alijua kwamba kelele inazaliwa huko nyuma, si mbele.

Nyuma ya amplifaya ile kuna matundu mawili. Moja linatoa sauti kuipeleka kwenye kisanduku cha mwangwi, la pili linairudisha ndani. Sauti inazunguka hapo kama mtu anayetoka kwa mlango wa uani na kuingia tena kwa mlango wa mbele. Akachomoa kisanduku cha mwangwi, akayaacha matundu matupu. Mvumo ukapungua ila mikwaruzo ikazidi, na kila alipogonga kwa kidole ikaruka. Kisha akachukua waya wake mwenyewe, mfupi, urefu wa shubiri, akauingiza upande mmoja kwenye tundu la kutolea na upande wa pili kwenye tundu la kurudishia.

Kimya.

Nikasema sawa, imepona, waya huo ukae hapo milele. Akasema amplifaya haijapona, imeonyesha inapoumwa. Akanieleza kwamba ndani ya tundu la kurudishia kuna ulimi mdogo wa chuma. Tundu likiwa tupu, ulimi unagusana na mwenzake ili sauti ipite moja kwa moja. Ulimi ukichafuka, sauti inapita kwa kukwaruza. Na waya unaoingia hapo nao ukiwa mchafu, unavuma. Akaushika waya wangu, ule wa kisanduku cha mwangwi, akautazama kichwa chake, akaunusa.

Akaniuliza taratibu, "Kaka Mfaume, hii si nta?"

Ilikuwa nta. Na hapa nawaomba mnielewe. Sisi watu wa ushirika huu tunapaka nta kila kitu. Droo ikikwama, nta. Zipu ikigoma, nta. Uzi wa kushonea viatu, nta. Mimi nyaya zangu nilizipaka nta miaka mingi, vichwa vyote, ili vumbi la kiangazi lisishike na kutu ya masika isile. Zilikuwa zinaingia laini, unasikia raha mkononi. Nilijiona mimi tu ndiye mwenye akili hiyo mkoa mzima, na nadhani kweli ni mimi tu. Lakini nta haipitishi umeme. Na joto la Oktoba likiongezeka juu ya joto la zile taa za vioo, inayeyuka, inatiririka mpaka kwenye ule ulimi, inaganda pale.

Nilibisha mpaka jioni, sitaficha. Akaniacha nibishe huku anafanya kazi. Aliichomoa amplifaya, akaiacha hadi kesho yake imalize umeme unaojificha ndani hata baada ya kuzimwa, akaifungua, akatoa nta kwa kijiti, kisha akasafisha kwa petroli na kitambaa. Kipande cha nta alichokitoa kilikuwa na ukubwa wa punje ya karanga. Ulimi ulikuwa umelegea, akaubadilisha kwa mwingine alioutoa kwenye redio mbovu. Alhamisi alijaribu na kisanduku cha mwangwi, na bila kisanduku, na kwa kugonga, na bila kugonga.

Ijumaa bodi ikaja. Amplifaya ikawashwa, sauti ikapandishwa mpaka mwisho. Tulikaa. Bi. Sikuzani, mjumbe kutoka Igunga, alisema baadaye kwamba alichosikia ni tumbo la jirani yake. Mzee Eustace alisogea akaweka sikio karibu na spika kabisa, akakaa hapo muda ambao mimi sitausahau, kisha akanyanyuka akasema bendi iendelee. Wenzangu wakaanza kukumbatiana.

Lakini mwenyekiti alikuwa bado hajamaliza. Akauliza nani aliyeharibu chombo cha ushirika. Kanuni ilikuwa wazi: mwenye ajira ya kudumu anapata barua ya onyo, mwenye mkataba, mkataba wake unakwisha siku hiyo hiyo. Mwenye mkataba pale alikuwa mmoja. Mnanijua, mdomo wangu haulali, hata msibani huwa naombwa nipunguze. Siku hiyo ulilala. Nilihesabu mapigo ya saa ya ukutani.

Dada Mektilda akasimama. Akasema, "Mwenyekiti, mitambo iko chini yangu. Barua niandikieni mimi."

Wakamwandikia. Na Mei Mosi iliyofuata, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya mfanyakazi bora, ambaye zawadi yake ni cheti na mabati ishirini, likaondolewa kwa sababu ya barua ile. Kuta za nyumba yake ya Lusu zilikuwa zimeshasimama zikisubiri bati. Zilinyeshewa misimu miwili. Sheria za tuzo zinasema mwenye onyo kwenye faili hapendekezwi tena, kwa hiyo mwaka uliofuata hakupendekezwa, wala uliofuata, mpaka leo. Fundi bora ambaye mji huu umepata kuwa naye anastaafu bila kuwahi kuitwa bora jukwaani.

Nilimfuata jioni ya Ijumaa ile nimshukuru. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Hakuyangoja. Alisema tu, "Kaoshe nyaya zako, kaka. Zote." Nikaziosha. Tangu hapo hajalitaja tena, na mimi, kwa miaka saba na ushei, nimekula mkate wa bendi hii nikiwa kimya juu ya jambo hilo moja tu.

Babu mzaa babu yangu alikuwa mpagazi, alipeleka pembe Bagamoyo mara nane, na nyumbani tulisimuliwa kwamba mwenzako akilemewa njiani unambebea mzigo wake, ila mkifika kambini lazima useme kwa sauti mzigo ni wa nani. Aliyenyamaza hapo aliitwa mwizi.

Leo tumefika kambini. Aliyepaka nta ni mimi, Mfaume Songoro. Naiomba bodi, ambayo najua imekaa safu ya mbele na ratiba hii iko mikononi mwao, iitoe barua ile kwenye faili la Bi. Mektilda Kasele kabla hajatoka lango la ushirika, na iandikwe upya kwa jina langu. Mkataba wangu nimeuambatanisha kwa katibu, mfanye kadiri mtakavyoona. Nikiambiwa niache gitaa, nitaacha. Ila mjue solo kama ile hampati.

Dada Mektilda, ahsante kwa kazi yako, na ahsante kwa ile siku. Sisi sote wa Mizinga Mia tunakuombea afya, mavuno mema huko Lusu, na maisha marefu ya raha chini ya paa lako mwenyewe. Samahani nimechelewa kusema.