Kadi Kumi na Moja za Namba 417

Sikilizeni wanangu, nisogezeeni na huu mto, maana pumzi imebaki kidogo na sitaki kusema jambo mara mbili. Fungeni mlango. Mjukuu wangu abaki uani na michezo yake, na wewe kitinda mimba, kichanga chako usimshushe mgongoni hata akilia.

Nyumba hii msiiuze. Vyumba vya mbele ni vya mwalimu, vya nyuma ni vya kitinda mimba, na karakana ya kuchomelea vyuma ni ya kaka yenu, kaijenga kwa jasho lake, asiulizwe. Cherehani mpeni jirani wa kushoto, ambaye miaka sita hatusalimiani kwa ajili ya ukuta. Mwambieni kosa lilikuwa langu. Hayo ni mepesi. Zito linakuja, na ninaliogopa kuliko kaburi.

Mnajua nimekaa miaka thelathini na moja kwenye dirisha la chanjo, hata watoto wa mtaa wakaniita Bibi Sindano, wakawa wananikimbia hata nikienda kununua nyanya. Mnajua pia ilipotoka amri kwamba mtoto haandikishwi shule ya umma bila kadi ya chanjo, nyinyi wawili mlivyogombana mbele ya wazazi wote. Mwalimu ukasema asiyechanjwa mmoja anahatarisha darasa zima. Wewe kifungua mimba ukasimama, ukakunja mkono wa shati, ukawaonyesha kovu lako, ukasema, "Sindano ilinilaza miezi miwili. Mwanangu akidhurika, aliyetoa amri atakuja kumuuguza?" Watu wakakupigia makofi. Tangu siku hiyo hamjala sahani moja.

Kovu lile ni kazi yangu. Mimi ndiye niliyekudunga, mwanangu, siku ambayo mafuta ya jiko yaliisha, sindano hazikuchemka vya kutosha, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Nikakuambia una damu mbaya. Nilikudanganya, nawe ukakua unaiogopa dawa badala ya kunilaumu mimi. Ndiyo maana ulipokuja dirishani kuniomba kadi bila sindano, sikuwa na uso wa kukukatalia. Nikagonga mhuri. Habari haina miguu lakini hutembea. Wakaja wengine kumi, jamaa na majirani, nao nikawagongea.

Sasa oneni ujinga wa mtu mzima. Kwenye kadi kuna mahali pa kuandika namba ya chupa ya dawa. Kuandika namba ya chupa ya kweli niliona ni dhambi, kana kwamba mhuri wenyewe ulikuwa thawabu, basi kote nikaandika namba ya nyumba yetu, 417. Mwalimu, fungua faili za shule. Kila kadi yenye 417 ni ya mtoto asiyechanjwa. Mpelekee mwalimu mkuu kabla hujaanza kunililia, na jina langu likipakwa matope, liache lipakwe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeficha ya watoto kumi na mmoja.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu ni mjukuu kweli, huyu aliye uani, mwana wa kaka yenu; ana miaka saba, na juzi alikaa dawati moja na binti wa fundi viatu, aliyelazwa kwa surua. Naogopa, wanangu. Nimeiona surua ikipofusha watoto, nimeiona ikiua wawili nyumba moja. Na huyu wa mgongoni ana miezi minne, hajafika umri wa kuchanjwa; kinga yake ni sisi tunaomzunguka, na mimi bibi yake ndiye niliyeitoboa.

Usimtazame kaka yako hivyo, mwalimu. Nitazame mimi.

Kifungua mimba, sikuamuru. Nakuomba, kama mtu aliyekuumiza. Sindano za siku hizi hufunguliwa mbele ya macho yako, hutumika mara moja zikatupwa. Mwambie muuguzi akuonyeshe, muulize mpaka uridhike. Mimi ningeulizwa siku ile, ningeaibika nikachemsha upya. Chanjo ikiwahi ndani ya siku tatu tangu mtoto akutane na mgonjwa, yaweza kumkinga. Leo ndiyo ya tatu. Dirisha hufungwa saa tisa.

Maji... kidogo. Basi, inatosha.

Usiniambie utasubiri. Najua unataka kuwa hapa. Dada yako mwalimu ana mikono, atanifumba macho. Kitinda mimba, nenda kwako na mwanao, ukae huko wiki tatu, usije hata mazikoni; nimekuruhusu mimi, atakayekusema umjibu hivyo. Mwalimu, kaka yako hakukosa peke yake. Mungu awaweke pamoja, awape... awape watoto wa kuwazika nyinyi, si nyinyi kuwazika wao.

Nawe mwanangu, radhi yangu unayo yote. Ukirudi ukanikuta, vizuri. Usiponikuta, sina kinyongo. Mshike mtoto mkono... saa nane imeshapita. Nenda.