Khadra Bishar Diriye, Aliyechanja Vitoto vya Mbuzi kwa Unyasi

Khadra Bishar Diriye aliishi miaka minne, miezi miwili na siku ishirini na nane. Waliozoea kusikiliza wasifu watasubiri aya ya kazi na aya ya ndoa. Zitasomwa zote, kwa kuwa alistahili kuwa nazo.

Alizaliwa Bura ya Fafi, Jumapili tarehe 14 Machi 2021, mtoto wa pili wa Bwana Bishar Diriye, mfugaji, na mkewe, Bi Safiyo Korane. Babake alimwadhinia sikioni kabla jua halijawa kali. Bibi yake aliyempokea alisema kwamba mtoto huyu alikuja amekunja uso kama mtu aliyecheleweshwa.

Hakuchanjwa. Haukuwa uzembe, na yeyote aliyelinong'ona neno hilo katika siku hizi tatu za tanzia na asikilize. Kaka yake, Mursal, alichanjwa surua mwaka 2019 akiwa na miezi tisa. Siku ya nane homa ilimpanda, akashikwa na degedege mikononi mwa mamake: macho yakageuka meupe, miguu ikakakamaa. Lilidumu dakika mbili. Safiyo alimbeba mbio hadi zahanati, akauliza kama ni ile sindano. Mhudumu wa zamu hakuinua hata uso.

"Chanjo haina madhara, mama. Rudi nyumbani."

Haikuwa kweli. Homa ya chanjo ya surua huweza kumletea degedege mtoto mmoja katika maelfu kadhaa. Hupita, na mtoto hubaki mzima, kama Mursal alivyobaki. Kuambiwa hayo tu kungemtosha. Badala yake Safiyo alirudi akiwa amejifunza mambo mawili: kwamba sindano ilimtikisa mwanawe, na kwamba wenye sindano hawasemi kweli. Waliokuja baadaye na simu zao, wakimsikilizisha sauti za watu wasiojulikana wakiipinga chanjo, walikuta mlango umeshafunguliwa.

Elimu ya Khadra ilikuwa fupi. Aliingia chuo cha Kurani Januari mwaka huu, akahifadhi sura nne. Ya nne aliisoma kwa kasi kubwa ili afike mwisho kabla mwalimu hajamsahihisha.

Kazi alikuwa nayo. Alikuwa mlinzi wa vitoto vya mbuzi wakati mama zao wakiwa malishoni, na kila kimoja alikipa jina. Januari hiyohiyo daktari wa mifugo alikuja kuchanja mbuzi dhidi ya sotoka. Wiki moja baadaye mbuzi wawili walikuwa wamevimba shingo na mmoja ametupa mimba. Shangazi yake, Fosia, aliyekuwa amekuja kutoka Garissa, alimuuliza Bishar kama anajuta.

"Kujuta?" Bishar alicheka. "Abaayo, dada yangu, wewe mjini umesahau kila kitu. Sotoka ikiingia zizini haiondoki na watatu, huondoka na zizi. Watatu kati ya sitini, walahi, ni nani atalia?"

"Basi hesabu unaijua. Na Khadra?"

Kicheko kilikatika. "Khadra si mbuzi."

Safiyo, aliyekuwa akikamua, hakugeuka. "Wifi, wewe umesoma. Mimi nimeona. Degedege nimelishika kwa mikono hii. Hiyo surua yako sijawahi kuiona hata siku moja."

"Hujaiona kwa sababu wengine walichanjwa."

"Basi waendelee wao."

Mazungumzo yaliishia hapo, kwa kuwa chai ilikuwa tayari na Fosia alikuwa mgeni. Alinyamaza kwa adabu. Adabu hiyo haitasamehewa katika karatasi hii.

Khadra alikuwa amekaa papo hapo akisikiliza. Kesho yake alionekana zizini na unyasi mkononi, akikamata vitoto vya mbuzi kimoja kimoja. Alikibana shingo, akakichoma kwa unyasi na kusema, "Bismillahi. Basi, usilie." Alipomaliza mbuzi akamwendea mdogo wake Yahye mkekani, akamchoma paja. Yahye alicheka.

Hakuolewa. Alikuwa ametangaza kwamba angeolewa na binamu yake Alio, mwenye miaka mitano, kwa sharti kwamba Alio aache kunyonya kidole.

Mwezi Mei jamaa walifika kutoka Kotile na mtoto mwenye mafua na macho mekundu. Mgeni hafukuzwi. Mbuzi mwenye makamasi angetengwa siku hiyohiyo nje ya boma; mtoto yule aliwekwa kwenye sinia moja na wenyeji. Tarehe 1 Juni Khadra alipatwa na homa. Kufikia Idd vipele vilikuwa vimemfunika, na gauni lake jipya lilitandikwa juu yake kwa sababu hakuweza kulivaa. Tarehe 9 Juni alipelekwa hospitali Garissa, mbavu zikizama kila alipovuta pumzi. Safiyo, aliyekuwa hajawahi kuiona surua, aliitazama siku mbili mfululizo. Nimonia ilimaliza kazi Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi. Khadra alizikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya Alasiri.

Mursal alikula katika sinia lilelile. Hakukohoa hata mara moja.

Ameacha baba na mama, bibi, shangazi, kaka yake Mursal, vitoto kumi na vinne vya mbuzi vyenye majina, na mdogo wake Yahye, aliyelala ubavuni mwake siku zote za homa. Jana Fosia alimwomba Safiyo ruhusa ya kumpeleka Yahye kwa sindano. Safiyo alimkumbatia mtoto akasema, "Nimebaki na wawili. Usinitikisie mwingine." Bishar alitoka kwenda zizini.

Leo, Ijumaa, Yahye ana miezi tisa na siku nne. Macho yake yameanza kuwa mekundu. Chanjo pekee aliyowahi kupata ni ile ya unyasi, kutoka kwa dada yake.

Mola ampe Khadra usingizi usio na homa.