Mkono Mfukoni

Sogeeni, wanangu, mnisikilize kabla hawajaja kunichukua, maana daktari amesema ni ngiri, utumbo umenaswa hapa kinenani, umekabwa shingo kama gunia la unga, na wasiponipasua sasa hivi utaniozea tumboni. Na kwa umri wangu huu, kuingia chumba kile ni rahisi, kutoka ni majaliwa.

Tanuri na duka nampa dada yenu, si kwa kumpendelea, bali kwa kuwa yeye huweka kiganja mlangoni mwa tanuri akajua mkate uingie au usubiri. Msimnunie. Na baba yenu mdogo, tuliyeachana naye salamu kwa ajili ya ile mashine ya kukandia unga, mwambieni nimeshasahau nani alianza.

Asubuhi za babu yenu ndizo zinazonijia leo. Mikate ikitolewa, ukoko ulikuwa ukilia taratibu unapopoa, nasi tumekaa juu ya magunia tukitaniana. Babu akicheka, hutia mkono mfukoni akajibana. Nilikuwa mdogo, nikadhani wanaume ndivyo wanavyocheka, nikamwiga, na mama yangu akasema, "Jamani, tumepata mzee mwingine." Nikabeba magunia miaka na miaka, hata nikapata sababu yangu mwenyewe ya kujibana. Nikisimama, uvimbe unatoka, nikilala, unarudi, tukazoeana kama paka wa dukani. Mama yenu, Mungu amrehemu, akaniambia, "Mume wangu, mficha uchi hazai." Nikamjibu, "Mbona nimezaa watatu?" Akacheka mpaka akakalia trei ya mikate. Kicheko kile, wanangu, ningekisikia tena...

Leo asubuhi nililala, haukurudi. Nikausukuma, mgumu kama mkate wa juzi. Kisha nikaanza kutapika.

Kitindamimba wangu, acha kutazama dirisha. Jana kaka yako alipokuchekesha, ulitia mkono mfukoni. Ulipokuwa mtoto uliniiga, tukacheka sote. Jana hukuwa ukiiga. Usiniambie, "Ni msuli tu, baba." Maneno hayo niliyasema kabla hujazaliwa. Uvimbe wako bado unarudi. Mtu kama wewe hupangiwa siku, akashonwa mchana, akarudi kwake. Mimi nimeletwa nimebebwa.

Dada yenu ananikazia macho kwa sababu fomu ya upasuaji sijaitia sahihi. Sitaitia mpaka daktari amtazame huyu. Ndiyo, binti yangu, najua kila dakika inanila. Mwambie mdogo wako, usiniambie mimi. Nenda kwa daktari nyuma ya pazia lile, mwanangu, ufungue mkanda. Haya haijamponya mtu.

Pendaneni. Anayekandia asimdharau anayeuza. Mungu awape mikono yenye kazi na... na vicheko visivyouma. Msilie mbele ya wateja. Ngojeni kidogo... pumzi...

Hizo ni pete za pazia? Limefungwa?

Haya. Nipeni kalamu.