Bi. Winfred Ngala na Koma Iliyozidi

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Winfred Ngala anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mitatu katika yadi yetu ya makontena hapa Changamwe. Kamati ya sherehe imeniomba niandike ya kuchekesha. Ninalo moja: alipoletewa kompyuta ya kwanza aliifunika kwa leso isiingie vumbi la malori, na kwa miaka kumi ndiyo pekee ambayo haikuharibika.

Yaliyobaki hayachekeshi.

Kazi yake ilikuwa orodha za mizigo. Kila kontena lina mstari wake, na wakati huo koma ndiyo iliyokuwa ikiiambia kompyuta kwamba namba imeishia hapa, mzigo unaanzia hapa, kisha jina la mwenye mzigo, kisha hatari ya mzigo wenyewe. Kompyuta haielewi maneno. Inahesabu koma tu. Mteja akiandika "rangi, asidi", koma yake nayo inahesabiwa kuwa mpaka, na kila kinachofuata kinasogea safu moja. Bi. Winfred aliliona hilo mapema. Mwaka 2020 alimwandikia Bw. Phineas, meneja wetu wa wakati huo, mara tatu, akiomba tutumie kijistari cha wima, alama ambayo hakuna mteja anayeiandika. Akajibiwa kwamba koma haijapata kumdhuru mtu.

Machi 2021, kibarua wetu Chrispine alifungua kontena ambalo orodha yake haikuonyesha hatari yoyote. Onyo lilikuwepo, ila lilikuwa limesukumwa hadi safu ambayo karatasi ya yadi haiichapishi. Ndani, pipa la asidi lilikuwa limepasuka. Jicho lake la kushoto halikupona.

Aliyeshtakiwa kwa uzembe ni Bi. Winfred. Alikuja mbele ya kamati ya nidhamu na orodha ile mkononi, koma moja ameizungushia wino mwekundu. Faili la barua zake kwa meneja lilikuwa limepitia mezani kwangu, karani wa ofisi hiyo, na zote tatu nilikuwa nimezisoma. Nikaulizwa kama ziliwahi kuandikwa. Nikasema sikumbuki.

"Hukumbuki, mwanangu, au waogopa?" akaniuliza mbele yao wote.

Akapewa onyo na kuhamishiwa stoo ya mafaili ya zamani, alikokaa hadi leo. Miezi mitano baadaye kijistari cha wima kikaanza kutumika yadi nzima. Waraka ulikuwa na sahihi ya Bw. Phineas, na makofi tukampigia yeye.

Kila Jumamosi Bi. Winfred alikwenda mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, nyumbani kwa Chrispine, kumjulia hali. Sisi wengine tulikwenda mara moja, tukapiga picha.

Wiki iliyopita nilimpelekea nakala ya barua niliyoiandikia ofisi, nikikiri kwamba nilijua na nikanyamaza. Aliisoma amesimama, akaikunja, akanirudishia.

"Mpelekee Chrispine," akasema. "Mimi kazi nimemaliza."

Bi. Winfred, ahsante kwa miaka uliyotupa ingawa hatukuistahili. Nyumba yako ya Kisauni ikupokee kwa heri, afya isikupungukie, na asitokee tena wa kukuamuru. Jumamosi nitakuwa Ziwa la Ng'ombe.